Sukari ya Damu na Mwili Uliokalishwa: Jawabu kwa Muulizaji

Tumepokea suala kutoka kwa binti mmoja wa mjini kwetu, nasi tumeona tulijibu kwa urefu kwa kuwa si lake peke yake. Asema kwamba babake, mzee aliyekwisha kupita miaka 60, alikuwa karani bandarini, na siku zote za kazi yake alikuwa akenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Alipostaafu, watoto wake waliona si adabu mzazi wao kuonekana juani na kikapu mkononi. Wakampangia tuktuk ya kumpeleka msikitini na kumrudisha, kikapu cha sokoni wakamwondolea, hata mtungi wa maji wakamkataza kuunyanyua. Ikawa kazi yake ni kitanda, kiti na baraza. Miaka mitatu baadaye akapimwa, akaonekana ana ugonjwa wa sukari. Hivi sasa mzee mwenyewe ataka arudie mwendo wake wa zamani wa kwenda Marikiti kila asubuhi, na watoto wamegawanyika. Mkubwa wao asema mgonjwa hupumzishwa, hatembezwi. Binti huyu atuuliza: jee, tumwachie baba, au tumzuie kwa kumwonea huruma?

Hatupendi kumjibu kwa "ndiyo" au "la" pekee. Jawabu lisilokuwa na sababu yake hushikwa leo likaachwa kesho. Na watoto wa mzee huyu, kwa kuwa wote wampenda baba yao, wastahiki kujua mwili wafanya nini ndipo wahukumu. Sisi si matabibu. Tunayoyaandika hapa tumeyasoma kwa wenye fani hiyo na kuyajadili darasani kwetu kwa majuma kadhaa, na mahali penye haja ya tabibu tutamwelekeza muulizaji kwa tabibu.

Mwanzo wa khabari yenyewe ni mwaka 1902, mjini London. Wataalamu wawili, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba chakula kinapoufikia utumbo, utumbo hutoa kitu kidogo mno kikaingia katika damu, kikasafiri mpaka kwenye kongosho, na huko kikaiamrisha kongosho imwage maji yake ya kuyeyushia chakula; na hayo hutukia hata kama mishipa ya fahamu baina ya viungo viwili hivyo imekatwa. Basi ikabainika kuwa viungo vya mwili huzungumza kwa njia ya damu, kama watu wa miji miwili wanaopelekeana barua. Mwaka 1905 Starling akazipa barua hizo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea na kutia mwendo.

Mashuhuri katika homoni zote ni insulini, itokayo katika kongosho. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, waliipata katika kongosho za mbwa, na Januari ya mwaka 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa sukari. Kabla ya hapo, mtoto mwenye maradhi hayo hakuwa na tumaini isipokuwa kunyimwa chakula ili acheleweshwe kufa.

Hapa sharti tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Iko sukari ya namna ya kwanza, nayo aghlabu huwashika watoto na vijana, ambayo kongosho huwa haitoi tena insulini ila kidogo mno au haitoi kabisa. Mtu huyu uhai wake ni sindano. Hapana mwendo wala mbio wala majani ya mti yatakayoshika mahali pa insulini, na amwambiaye aache sindano amemwelekeza kaburini. Na iko namna ya pili, ndiyo iliyo nyingi zaidi na ndiyo ya mzee wetu huyu, ambayo insulini ipo, tena pengine ni nyingi kuliko kawaida, lakini mwili umekuwa mzito wa kuisikia. Maneno yetu yote yanayofuata ni ya namna hii ya pili.

Tuchukue mfano wa mambo tunayoyajua. Katika mtu mzima mwenye afya, aliyeamka asubuhi na hajala kitu, sukari iliyomo katika damu yake yote haizidi kijiko kimoja kidogo, yapata gramu 5. Kikombe kimoja cha chai yetu ya jioni chenye vijiko vitatu kina zaidi ya maradufu ya hiyo. Na bado hatujataja mahamri, wala kaimati, wala kipande cha haluwa kilichoko pembeni ya sahani. Sukari yote hiyo ikikaa katika damu itaharibu mishipa midogo ya macho, ya mafigo na ya miguu. Kwa hivyo haina budi kupelekwa ghalani upesi. Na ghala ni mbili: ini, lichukualo yapata gramu 100, na misuli, ichukuayo yapata gramu 400. Utaona basi kwamba ghala kubwa la sukari ni nyama hizi za mapaja na mikono na mgongo, ambazo sisi twazidhani ni za kubebea mizigo tu.

Ndani ya misuli wako hamali. Wataalamu wawaita kwa jina la herufi na nambari, GLUT4. Wakati hapana kazi, hamali hawa wamelala ndani kabisa ya ghala. Mtu akila, insulini hupita katika damu ikagonga mlango na kuita. Hamali wakaamka, wakaja mlangoni, wakaichukua sukari na kuiingiza ndani. Hii ndiyo njia ya kwanza. Sasa mtu akala sana na kukaa sana kwa miaka, mafuta yakajazana katika ini na hata ndani ya misuli yenyewe, hamali huwa kama viziwi kwa sauti ya insulini. Huitwa mara moja wasisikie. Kongosho ikaongeza sauti, ikatoa insulini maradufu, wakasikia kidogo. Ikaongeza tena. Miaka ikapita kongosho ikipiga kelele namna hii, na mwenyewe hana khabari, apimwapo sukari huambiwa ni sawa. Mpaka siku kongosho ichokapo, sukari ikapanda, naye akasema ugonjwa umemjia ghafula. Haukumjia ghafula. Ulikuwa nyumbani naye kwa muda wa miaka mingi.

Lakini hamali hawa wana sauti nyingine wanayoisikia, nayo ndiyo kiini cha darasa hili. Msuli unapokunjuka na kukunjana, yaani mtu anapotembea, anapopanda ngazi, anapofua au kutwanga, kule kukunjana kwenyewe huwaamsha hamali bila ya kungoja insulini. Na ajabu iliyopo ni kwamba katika mgonjwa wa sukari ya namna ya pili, sikio la kwanza limeziba lakini sikio hili la pili bado ni zima. Aliyekuwa kiziwi kwa insulini si kiziwi kwa mwendo. Tena mtu amalizapo kutembea, kwa muda wa siku moja hata mbili hamali huwa wepesi zaidi wa kuisikia hata ile insulini yenyewe, kwa kuwa ghala limepunguka na lahitaji kujazwa. Ndiyo sababu matabibu wawausia wagonjwa wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila ya mwendo: athari yake haiwekwi akiba. Mtu hawezi kutembea sana mwezi wa Rajabu ili apumzike Shaabani.

Sasa tuliangalie neno la yule mtoto mkubwa, kwamba mgonjwa hupumzishwa. Si neno la kijinga, na wala hatumlaumu; hata mahospitali makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakifuata njia hiyo mpaka katikati ya karne ya ishirini, mtu aliyeshikwa na moyo akilazwa kitandani majuma mengi asiruhusiwe hata kuketi. Mwaka 1966, mjini Dallas katika Marekani, matabibu waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima, wakawalaza kitandani majuma matatu kamili, kisha wakapima mwili wao uwezo wake wa kufanya kazi na kuvuta pumzi. Uwezo huo ulikuwa umeshuka zaidi ya robo. Majuma matatu tu, tena kwa vijana! Baadaye wakawazoeza, na uwezo wao ukarudi ukapita ulivyokuwa.

Khabari haikuishia hapo. Miaka 30 ilipopita, vijana hao watano, ambao sasa walikuwa watu wazima wa miaka 50, wengine wakiwa wamenenepa, walitafutwa wakapatikana wote, wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya umri ilikuwa haijawapunguzia uwezo kwa kadiri walivyopunguziwa na yale majuma matatu ya kitanda. Sisi tuliposoma hayo darasani palikuwa kimya. Kila mmoja wetu alikuwa akimfikiria mzee wake aliyemkalisha.

Ushahidi mwingine, nao ni wa zamani kidogo, watoka katika mabasi ya London. Tabibu mmoja, Jerry Morris, aliyekuja kufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99, aliyaangalia mabasi ya ghorofa mbili ya mji ule. Katika kila basi palikuwa na watu wawili wa tabaka moja, wa mtaa mmoja, na mishahara yao yakaribiana: dereva, ambaye kutwa ameketi, na kondakta, ambaye kutwa yu mbioni kupanda na kushuka ngazi ya basi akikata tikiti. Mwaka 1953 alitangaza kwamba makondakta hawashikwi sana na ugonjwa wa moyo kama madereva, na wanaoshikwa huwa si wepesi wa kufa kwao. Akawapata vile vile wapeleka barua kuwa salama zaidi kuliko makarani wa posta waketio.

Msomaji mwenye akili atasema: pengine aliyechagua kukaa kitini alikuwa mnene tangu mwanzo. Morris mwenyewe alilifikiria hilo, akaenda kutafuta vipimo vya suruali walizoshonewa wafanya kazi wa mabasi! Akaona kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi, hata vya walio vijana. Lakini alipomlinganisha kondakta mnene na dereva mnene, na kondakta mwembamba na dereva mwembamba, bado kondakta alikuwa na amani zaidi. Twaitaja khabari hii ya suruali kwa sababu yatufunza namna ya kusadiki: si kila kinachofuatana na kitu ndicho sababu ya kitu hicho. Kadhalika tukumbuke kwamba mabasi haya ni hoja ya moyo, si ya sukari, ijapokuwa maradhi haya mawili ni majirani na mara nyingi hula katika sahani moja.

Hoja ya sukari khasa ilikuja kutoka Uchina. Katika mji wa Daqing, mji wa visima vya mafuta ulioko kaskazini, walipimwa watu zaidi ya 110,000 mwaka 1986, wakatolewa 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia ugonjwa. Yaani wako njiani. Wakagawanywa mafungu kwa kufuata zahanati zao. Fungu moja waliachwa na nasaha za kawaida, wengine wakaelekezwa katika chakula, wengine katika mwendo na mazoezi, wengine katika vyote viwili. Baada ya miaka sita, katika fungu lililoachwa waliougua sukari walikuwa yapata 68 katika kila 100. Katika fungu la mazoezi, 41. Tofauti hii si ndogo, na wala hapana aliyeinunua dukani.

Marekani nao wakafanya jaribio lao, wakatangaza mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa karibu na sukari waligawanywa: wengine wakapewa dawa ya metformini ambayo wagonjwa wetu waijua vizuri, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake, na wengine wakaagizwa wapunguze uzito kwa sehemu 7 katika 100 na watembee dakika 150 kila juma. Dawa ilipunguza kuugua kwa 31 katika 100. Mwendo pamoja na kupunguza uzito vilipunguza kwa 58. Dakika 150 ni nini? Ni nusu saa kwa siku tano, mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo, awezaye kuzungumza lakini asiweze kuimba.

Miaka ya karibu imekuja elimu mpya juu ya jambo hili, nasi twataka kuitaja kwa uangalifu kwa kuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wafanya biashara. Zamani msuli ulidhaniwa kuwa ni mtumwa, hupokea amri tu. Mwaka 2000 wataalamu wa Copenhagen, wakiongozwa na bibi Bente Klarlund Pedersen, walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi wenyewe huitoa katika damu barua iitwayo interlukini-6, nayo hulifikia ini na mafuta na kuyaambia yatoe chakula cha kazi. Basi msuli nao ni mtoaji wa homoni. Baadaye zikapatikana nyingine nyingi. Mwaka 2012 kikundi cha Bruce Spiegelman, mjini Boston, kikatangaza homoni ya mazoezi na kuiita irisini, kwa jina la Iris, mjumbe katika visa vya Wayunani wa kale. Wakasema yageuza mafuta meupe ya akiba yawe na tabia ya mafuta ya kahawia ambayo huchoma moto badala ya kulala. Dunia ikapiga vigelegele. Kisha wenzao wakasimama na kusema vipimo vilivyotumika haviaminiki; mwaka 2015 kukawa na mabishano makubwa, wengine wakikataa, wengine wakithibitisha kwa vipimo vikali zaidi kwamba irisini imo katika damu ya binadamu lakini ni kidogo sana. Mas'ala haya katika binadamu hayajakatwa.

Kwa hivyo mtu akikujia na chupa yenye maandishi ya "homoni ya mazoezi", au unga wa "kuwasha mafuta", mrudishie chupa yake. Homoni hizi hutoka katika msuli unaokunjana, basi.

Si sindano hizi za leo tunazozikusudia, zile ziigizazo homoni ya utumbo iitwayo GLP-1 ili kupunguza hamu ya chakula. Hizo ni dawa za kweli zilizojaribiwa, na tabibu akimwandikia mgonjwa ni shauri lao. Illa hata hizo, mtu apunguapo mwili kwa nguvu zake hupunguka mafuta na nyama pamoja, na kinachoilinda nyama ni kuitumikisha. Kwa hivyo mwenye sindano naye hakusamehewa kutembea.

Tumesikia pia hoja mbili za mji wetu ambazo haifai kuzinyamazia.

Ya kwanza ni ya wale wasemao: sisi twasali mara tano, hayo si mazoezi ya kutosha? Twasema: Sala ni ibada, haikuwekwa kuwa dawa ya uzito, na anayeisifu kwa hilo ameishusha daraja badala ya kuipandisha. Kweli inavinyoosha viungo, na tarawehe ndefu humtoa mtu jasho. Lakini rakaa chache kwa utulivu, kama ilivyoamrishwa, haziufanyi moyo uende mbio kwa nusu saa. Lililo karibu zaidi na matakwa yetu ni ile njia ya kwenda msikitini. Nayo ndiyo tuliyoikodia tuktuk.

Ya pili ni heshima, na hii ndiyo iliyomfunga mzee wa binti huyu. Kwetu mtu hupimwa hadhi yake kwa kadiri asivyojitikisa. Tajiri haendi kwa miguu. Bwana harusi hasimami. Mzee haletewi habari za ndoo. Mama akipata mjakazi basi hata sinia hainui. Tumeona mabibi wa nyumba zetu kubwa ambao tangu ufagio ulipowatoka mkononi, miguu yao haikupata badali yake, nao huletewa kila kitu chumbani, kisha twastaajabu kwa nini wagonjwa wa sukari ni wengi katika nyumba zenye raha. Wenzetu wa Ghuba, ambao neema iliwajia ghafula na magari na viyoyozi pamoja nayo, wameyaonja haya kabla yetu: katika Kuwait, kwa hisabu ya mwaka 2021, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na sukari.

Na wala si kwamba wazee wetu wa elimu hawakuyajua haya. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliweka mlango mzima wa riyadha, na katika kuhifadhi afya aliitanguliza mbele ya chakula na usingizi. Kitabu hicho kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Sisi twajisifia jina lake katika hotuba na kuliacha agizo lake likiwa rafuni. Ama kwa mama zetu, ambao wengine hudhani kutembea kwao kwa ajili ya afya ni aibu, twauliza: aibu hiyo imeandikwa wapi? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha; na hadithi hiyo kila mwanafunzi wa chuo ameisoma. Mabibi wawili watatu wakitoka baada ya alfajiri na mabuibui yao wakaenda mpaka pwani ya Mama Ngina na kurudi, wamemkosea nani? Lililo aibu ni kwamba mitaa mingine haina hata mahali pa kukanyaga kwa magari na mitaro. Na hilo ni deni la wanaume wa mtaa na wakuu wa mji, si la kina mama.

Na asiyeweza kutoka, asidhani mlango umefungwa. Katika Chuo cha Otago, New Zealand, wagonjwa 41 wa sukari ya namna ya pili walijaribiwa kwa njia mbili: kutembea nusu saa wakati wowote wa siku, na kutembea dakika 10 baada ya kila mlo mkubwa. Majibu yalitoka mwaka 2016. Zile dakika 10 za baada ya mlo ziliishusha sukari ya baada ya kula kwa 12 katika 100 zaidi kuliko ile nusu saa. Na baada ya chakula cha usiku, kwa 22. Dakika 10 hupatikana hata uani, hata darini, hata katika ukumbi wa nyumba. Lakini sisi tukimaliza biriani ya Ijumaa hutafuta mito.

Ziko khatari, na tungekuwa tumemdanganya mama huyu kama tusingezitaja. Mgonjwa atumiaye insulini, au vidonge vya kuisukuma kongosho kama glibenklamidi, akitembea sana sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula, kuchanganyikiwa maneno. Naye akiachwa huzimia. Huyu apime kabla ya kutoka. Akiona chini ya 5, ale kitu kwanza. Na mfukoni asikose sukari, au tende, au peremende. Katika Ramadhani, aliye katika dawa hizo na akafunga asifanye mazoezi mazito alasiri kabla ya magharibi, na shauri la kufunga kwenyewe alitake kwa tabibu wake kabla mwezi haujaandama. Metformini peke yake kwa kawaida haina khatari hiyo. Kisha miguu: sukari huua hisi za nyayo, mtu akachomwa na msumari asijue mpaka kidonda kikaoza. Kwa hivyo ndara za kamba hazifai mwendo huu. Avae viatu vilivyofunika vidole, na kila jioni aangalie nyayo zake, na kama haoni vizuri, mwanawe amwangalilie. Mwenye maumivu ya kifua atembeapo asimame pale pale, na asirudie mpaka ameonekana na tabibu. Na mwenye ugonjwa wa macho uliotokana na sukari aulize kwanza kabla ya kunyanyua vitu vizito.

Sasa tumrudie binti yetu. Mwanangu, mwachieni baba yenu aende Marikiti. Lakini kwanza, juma hili, mpelekeni kwa tabibu aliyemwandikia dawa, mkamuulize mambo matatu: dawa yake ni ya namna gani, moyo na macho yake vikoje, na miguu yake ina hisi au haina. Akikubali, siku za mwanzo asiende njia yote. Aende mpaka nusu na kurudi na tuktuk, kwa kuwa miaka mitatu ya kiti imemtoa nguvu kama kitanda kilivyowatoa wale vijana wa Dallas. Baada ya majuma machache ataongeza mwenyewe. Kikapu mrudishieni mkononi, kwani mkono nao una misuli, na maagizo ya matabibu hivi leo ni kuitumikisha misuli kwa uzito mara mbili kwa juma, mbali na mwendo. Asubuhi mapema kabla ya jua kali ni bora. Na ndugu yako mkubwa, kama moyo wake haumpi kumwona mzazi wake njiani peke yake, basi na afuatane naye. Twamwona kila Ijumaa, naye pia kanzu imeanza kumbana tumboni.

Suala lako la pili, juu ya tende ngapi mgonjwa wa sukari aruhusiwa kufuturia, tumelichelewesha kwa sababu lahitaji darasa lake mbali. Tutalijibu, Inshaallah, katika toleo lijalo.